Gunia la njugu linalowafungua vinywa mapadri vijana

Saa tisa alasiri, nyuma ya jiko la nyumba ya mapadri katika parokia moja kando ya ziwa, upande wa Muhuru Bay, mzee mwenye kofia ya pama anamimina njugu kavu juu ya gunia lililotandikwa chini. Kuku wawili wanakuja mbio. Anawafukuza kwa mguu bila hata kuwaangalia, anavuta kigoda, anaketi.

Padri Bravin Odera, kijana wa miaka thelathini na mmoja, anatoka ndani akikunja mikono ya shati. Anaketi kando ya mzee, si mbele yake. Wote wawili wanatazama upande mmoja, kwenye nyavu ambazo jirani ametandika chini na kuanika omena, dagaa wa ziwani. Wanaanza kumenya.

Kisha mzee anauliza, macho yakiwa kwenye njugu:

"Jana jioni ulikula na nani?"

"Na katekista. Alikuja na samaki, mbuta, tukapika hapa."

"Na juzi?"

"Juzi nilikula peke yangu."

"Mm," anasema mzee, na maganda yanaendelea kuanguka.

Mpita njia angedhani hawa ni watu wawili wanaosubiri mvua ipite. Kumbe wako kazini. Mzee huyu ni Padri Gordon Obura, mwenye umri wa miaka sabini na mitatu, na kazi yake ndiyo hii unayoiona. Vitabu vya Kanisa Katoliki huiita usindikizaji wa kiroho. Maana yake ni kutembea pamoja na mtu katika maisha yake ya imani, bila kumbeba na bila kumburuta.

Watu wa Padri Gordon ni mapadri wapya. Kijana akipewa daraja la upadri na kutumwa katika parokia yake ya kwanza, Migori au Homa Bay, jina lake huongezwa kwenye orodha ya mzee huyu. Kwa sasa anao tisa. Mzee humfikia kila mmoja angalau mara moja kwa mwezi kwa pikipiki yake kuukuu, gunia la njugu likiwa limefungwa nyuma kwa mpira.

Ni kazi aliyoombwa na wakubwa wake miaka kumi na mmoja iliyopita, baada ya kuwa paroko, yaani mkuu wa parokia, kwa muda mrefu na nyonga kuanza kumsumbua. Walidhani watampa kazi ya kukaa. Yeye akanunua pikipiki.

Swali la chakula cha jioni, anasema, halikutoka kwenye kitabu chochote.

"Wiki ya upadrisho kijana anakula na watu mia tano," anaeleza. "Ng'ombe wamechinjwa, kina mama wanaimba, watu wamepanga foleni kubusu viganja vyake. Mwezi wa tatu anakula na redio. Sasa mimi nikimuuliza, 'Unasali?' ataniambia anasali. Nikimuuliza alikula na nani, hapo hawezi kunidanganya."

Padri Mwikwabe, anayehudumu upande wa Kuria, bado hucheka akikumbuka ziara ya kwanza ya mzee.

"Nilikuwa nimejipanga kama mtu anaenda mtihani," anasema. "Nimepanga mambo ya sala, mambo ya kutafakari. Mzee ananiuliza nilikula na nani. Nikasema, Padri, hiyo ndiyo swali? Halafu nikafikiria, nikaona wiki nzima nimekula na simu yangu."

Njugu nazo ziliingia kwa bahati tu. Mwaka mmoja msimu wa kupanda ulikuwa umekaribia, mbegu hazijamenywa, na padri mmoja kijana alikuwa na shida isiyoweza kungoja. Padri Gordon akazibeba njugu zake akaenda nazo. Kijana yule, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa hajasema lolote zaidi ya "niko sawa", alimenya robo ya gunia akasema yote yaliyokuwa moyoni.

"Kijana wa huku ukimweka mbele yako, anaangalia chini," anasema Padri Gordon. "Heshima inamfunga. Atakuambia, 'Niko sawa, Jaduong',' hata kama anakufa." Jaduong' ni jina la heshima ambalo Waluo humpa mzee, na ndilo vijana wake wote humwita, hata wasio Waluo. "Lakini tukiangalia upande mmoja na mikono iko na kazi, maneno yanatoka yenyewe."

Tangu siku hiyo hulima nusu ekari ya njugu nyuma ya nyumba yake, nje kidogo ya mji wa Migori. Zikishamenywa, fungu moja huachwa jikoni kwa mwenyeji, jingine huwa mbegu, na zinazobaki huuzwa kupata petroli. Wanaomfahamu humtania kwamba ndiye mkulima pekee Migori anayemenyewa njugu na watu wenye shahada mbili mbili. Yeye hakatai.

Ana masharti machache. Haji na kola ya upadri shingoni. Haketi sebuleni, kwa sababu sebuleni kijana hugeuka mwenyeji na kuanza kuulizia soda. Na kinachosemwa juu ya gunia hakiondoki hapo. Mwandishi wa makala haya alipomuuliza kuhusu Padri Bravin, mzee alimsukumia fungu la njugu amenye, akasema, "Muulize mwenyewe."

Padri Bravin alikubali kusema. "Andika," alisema. "Kuna mwingine huko anapitia hii kitu na anafikiri ni yeye peke yake."

Kisa chake kilianza siku ambayo kila mtu alidhani ni ya furaha tupu.

Ni mzaliwa wa kwanza wa Mzee Odera, mkulima wa miwa na mahindi karibu na Ndhiwa. Alitoka shule ya upili akaingia seminari moja kwa moja, kwa hiyo hakuwahi kujenga simba. Hii ni nyumba ya kwanza ambayo kijana wa Kiluo hujijengea ndani ya boma la baba yake anapofikia utu uzima. Si lazima iwe kubwa. Chumba kimoja chatosha. Lakini mkubwa hutangulia, na mdogo hufuata.

Nyuma ya Bravin yuko Caleb, fundi wa pikipiki mjini Ndhiwa, mwenye mke na watoto wawili. Mtu mzima halali katika nyumba ya wazazi wake, na Caleb hawezi kujenga kabla ya kaka yake. Akithubutu, wazee watasema amemruka mkubwa na kujitafutia chira, ule mkosi unaoaminika kumwandama mtu anayevunja utaratibu wa boma. Basi kila wakija nyumbani kwa matanga au sikukuu, jua likianza kuteremka hukusanya watoto na kurudi kwenye chumba chao cha kupanga.

"Mimi ni mke wa boma ambayo sijawahi lala hata siku moja," anasema Lynnet, mke wa Caleb. Anacheka akisema hivyo, lakini kicheko chenyewe ni kifupi. "Watoto wananiuliza, 'Mama, kwani sisi ni wageni?'"

Mzee Odera alikuwa na mpango. Kabla ya Misa ya shukrani, ile ambayo padri mpya huiadhimisha nyumbani kwao, alikata miti, akasafisha kiwanja karibu na lango, akanunua mabati. Alitaka siku hiyo hiyo, baada ya chakula, amwoneshe mwanawe mahali pake. Wageni wakawa wengi kuliko nafasi. Hema likakosa pa kusimama, likasimamishwa juu ya kiwanja kile kile.

Katika mahubiri yake ya kwanza nyumbani, Padri Bravin alisema kwamba kuanzia siku ile hana nyumba nyingine duniani ila altare. Simba, alisema, ni ya mwanamume anayengojea kuoa, na yeye hangojei. Watu wakapiga makofi. Kina mama wakapiga vigelegele. Wazee wakanyamaza.

"Nilisikia mtoto yangu anakataa kiwanja na mimi nimekaa juu yake," anasema Mzee Odera. "Ningesema nini? Watu wanapiga makofi."

Alisema baadaye, tena kwa vitendo. Alianza kusali katika kigango kingine, kanisa dogo la parokia lililo mwendo wa saa nzima kwa miguu, na simu za mwanawe zikawa zinapokelewa na mama. Miti ilibaki imeegeshwa ukutani, mchwa wakaanza kuizoea.

Padri Bravin alipelekwa ziwani. Kwa nje alikuwa padri ambaye parokia yoyote ingemtaka. Alijua kuimba, alifika kwenye vigango kwa wakati, vijana walimpenda. Mong'ina, mpishi wa nyumba ya mapadri, ndiye aliyeona upande wa pili.

"Chakula kilikuwa kinarudi," anasema. "Nampelekea ugali inarudi ugali. Nikamwambia yule mzee wa njugu, huyu mtoto wenu hali. Mimi sijui mambo ya kiroho, lakini sahani najua."

Padri Gordon alimenya naye njugu miezi mitano bila kufika popote. Kila mara kijana alirudia hoja zake za kukataa simba kama mtu anayesoma katekisimu. Mzee alizisikiliza zote, ingawa zilikuwa na tundu ambalo wote wawili waliliona. Padri wa jimbo, tofauti na mtawa, haweki nadhiri ya ufukara. Hakuna sheria ya Kanisa inayomkataza kuwa na chumba kwao. Bravin alilijua hilo tangu seminari, na Padri Gordon alijua kwamba analijua. Basi kama kilichomzuia hakikuwa sheria, kilikuwa kitu kingine.

Katika mwezi wa sita wa ziara hizo kitu hicho kilitoka. Wote wawili wanayakumbuka maneno yale sawasawa.

"Jaduong', hiyo nyumba siitaki," Bravin alisema.

"Umeniambia."

"Nyumba yangu ni kanisa."

"Hiyo pia umeniambia."

Wakamenya. Upepo ukaleta harufu ya omena. Kisha kijana akasema, kwa sauti ambayo mzee alilazimika kuacha kumenya ndiyo aisikie: "Naogopa. Nikiwa na nyumba kule, siku nitachoka hapa nitaenda kulala huko. Na nikilala, sijui kama nitarudi."

Walimaliza njugu zilizokuwa juu ya gunia, wakakusanya maganda. Hapo ndipo mzee alipouliza: "Kwa hivyo uko hapa kwa sababu huna pengine pa kwenda?"

Padri Bravin aliinuka akaingia ndani. Siku hiyo hawakusali Masifu ya Jioni pamoja, ingawa ndivyo kila ziara huisha. Mzee alifunga gunia lake akawasha pikipiki.

"Nilikasirika sana," anakiri Padri Bravin. "Nilikasirika kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimefunga mlango mmoja halafu najisifu kwamba sijatoka."

Kwa Padri Gordon, zile zilikuwa wiki mbaya. Alijua uzito wa swali lake. Katika kazi yake huwa hatoi ushauri, na anaweza kukuambia kwa fahari kwamba hakumwambia Bravin ajenge. Ukimsukuma kidogo, fahari hiyo humwisha. "Swali nalo linasukuma," anasema. "Nililirusha nikijua litaangukia wapi."

Padri Bravin alimpigia simu mara baada ya Pasaka. Alikuwa ameomba ruhusa kwa paroko wake. Angekwenda nyumbani Alhamisi, angejenga na baba yake na Caleb, na kwa desturi mwenye simba ndiye wa kwanza kulala ndani yake. Jumapili angerudi kusoma Misa ya saa tatu. Alisema "nitarudi" haraka haraka, na mzee akaisikia ile haraka kuliko neno lenyewe.

Jumamosi jioni Padri Gordon alifika ziwani bila kuitwa. Kwa paroko alisema amekuja kusaidia, kama itahitajika. Asubuhi alikuwa amekwisha kuvaa kanzu yake nyeupe kabla ya mtu yeyote kumwuliza, akaketi kwenye kigoda nyuma ya jikoni, mikono ikiwa haina kazi kwa sababu hakubeba njugu.

"Niliogopa," anasema waziwazi. "Watu wa huku wanasema mimi ni mtulivu. Siku hiyo sikuwa na utulivu wowote. Kama angebaki kule, ningekuwa mimi nimempa nyumba ya kubaki. Ningemwambia nini askofu? Ningeiambia nini roho yangu?"

Mong'ina anasema mzee alikataa chai mara mbili, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Waumini wakaanza kufika. Kwaya ikajaribu nyimbo. Paroko alikuwa kwenye kigango cha mbali tangu alfajiri, kwa hiyo Misa ile ilikuwa ya Bravin au ya mzee. Padri Gordon aliinuka, akachukua stola, ule utepe wa ibada wa shingoni, akaanza kuelekea sakristia, chumba cha kuvalia, polepole kuliko hata nyonga yake ilivyohitaji.

Alikuwa mlangoni aliposikia pikipiki.

Padri Bravin alishuka akiwa na udongo mwekundu wa kwao hadi magotini na mkwaruzo wa bati kwenye kidole gumba. Macho yalikuwa ya mtu aliyelala vizuri. "Tumsifu Yesu Kristo," alisema. "Milele na milele," alijibu mzee. Kijana aliomba maji ya kunawa, akavaa, akaingia kanisani. Padri Gordon aliivua stola, akaenda kuketi kiti cha mwisho pamoja na kina mama wenye watoto wachanga, na Misa nzima alikuwa analia bila kujificha.

Simba ile ina chumba kimoja cha mabati na dirisha linaloangalia lango. Usiku wa kwanza Mzee Odera alimwachia mwanawe taa, akasimama nje kwa muda kabla ya kwenda kulala. "Nilimwambia, 'Hapa ni kwako hata usipokaa,'" anasema. Jumapili iliyofuata alirudi kusali katika kigango chake, akaketi mahali pake pa zamani, na hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi.

"Niliamka hapo," anasema Padri Bravin, "nikaangalia mlango. Hakuna mtu alikuwa amenifunga. Ningeweza kubaki. Nikaona nataka kwenda kusoma Misa. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nimechagua nikiwa na pa kuchagua."

Caleb alianza kujenga wiki hiyo hiyo. Nyumba yake sasa imepigwa plasta, na Lynnet amepanda sukuma wiki nyuma yake. Ufunguo wa chumba cha Bravin hukaa kwa Lynnet. Huweka mahindi humo, na Padri Bravin anapokuja mara moja kwa miezi kadhaa, yanahamishwa.

Si mapadri vijana wote wanaorudi. Padri Gordon hafichi kwamba miongoni mwa vijana aliowasindikiza wapo waliovua kola, na mmoja wao, anayefundisha Homa Bay, bado humletea njugu zake wamenye pamoja. "Huyo naye nilimsindikiza," anasema. "Alikuwa anaenda upande mwingine tu."

Akifikisha miaka sabini na mitano, utaratibu wa Kanisa unamtaka aombe kupumzika. Nyonga inamwomba apumzike kabla ya hapo. Mpango wake ni kwamba kufikia wakati huo vijana wawe wanakutana wenyewe, wawili wawili: wa ziwani na wa Kuria, wa Ndhiwa na wa Rusinga, Alhamisi moja kwa mwezi, mahali pa katikati. Bravin na Mwikwabe wameshaanza.

"Njugu nitaendelea kupanda," anasema. "Hizo hawatakosa. Kinachobaki ni waulizane."

Saa kumi na moja inakaribia, na kwenye gunia zimebaki njugu za kushika kwa kiganja kimoja. Huu ndio wakati ambao mzee huanza kutafuta kofia yake, kwa sababu hapendi giza limkute barabarani. Padri Bravin anamenya moja, anaiweka kwenye bakuli, hamtazami.

"Jaduong'," anasema. "Na wewe jana jioni ulikula na nani?"

Mkono wa Padri Gordon unasimama. Kwa miaka kumi na mmoja ameliuliza swali hili nyumba hadi nyumba, Migori na Homa Bay, na inaonekana hakuna aliyewahi kumrudishia. Anaangalia nyavu za jirani. Anafuta maganda magotini, ingawa hayapo.

"Na redio," anasema hatimaye.

"Na juzi?"

Mzee anaokota njugu nyingine. Kijana anasubiri, kama alivyofundishwa kusubiri, hadi njugu ya mwisho. Kisha anainuka, anachukua kofia ya pama kutoka kwenye kigingi, anaingia nayo ndani, na sauti yake inasikika jikoni ikimwambia Mong'ina kwamba Jaduong' analala hapa leo. Mong'ina anaongeza maji ya ugali kwenye sufuria.